Mke Mdogo wa Mzee Hironimus

Mwanamke aliyeninyang'anya mume alikuja kwetu Bombambili mchana kweupe, na aliyemkaribisha ni bibi yangu mwenyewe. Msinicheke bado. Mume ninayemsema ni babu yangu, Mzee Hironimus, na ndoa yetu ilifungwa siku niliyozaliwa, kama zinavyofungwa zote za namna hiyo: mtoto wa kike akilia, babu anasema, "Mke wangu huyo kaja," basi. Hakuna kadi wala keki. Hata paroko alijua, akanyamaza, maana naye ana bibi yake kijijini anayemwita mume.

Wazazi wangu wanalima tumbaku Namtumbo. Mimi nililetwa mjini Songea kwa ajili ya shule, nikakulia kwa Babu na Bibi Theodosia. Kila jioni Babu akirudi kazini alisimama mlangoni: "Mke wangu mdogo yuko wapi?"

"Yumo humu," Bibi anajibu kutoka jikoni. "Mboga kamaliza na uwanja hajafagia. Umeoa hasara."

"Bi Mkubwa ana wivu," nasema mimi. "Amebakiwa na meno ya kusindikizia."

Babu anatoa kashata mfukoni, anaimega, kipande kikubwa changu. Kisha ananitukana: miguu yangu ya korongo, ugali wangu wa kuzibia nyufa. Nami namwambia kipara chake kinawadanganya kuku, wanadhani kumekucha. Nyumbani kwetu usipotukanwa ujue hupendwi.

Na alikuwa na ahadi moja. "Siku wakija kukuposa, hutoki. Mke wangu simwachii mtu." Hiyo ndiyo haki ya babu. Wakwe wakija hawamwambii tu "tunamchukua". Lazima wambembeleze kama mume mwenye mali yake, wampe blanketi, yeye agome, watu wacheke, mwisho akubali kuniacha. Wenzangu shuleni waliota shela. Mimi niliota Babu akigoma.

Ugonjwa ulianzia kwenye hiyo kashata. Jioni moja aliniletea kipande cha sabuni, amekifunga kwenye gazeti vilevile, akanitazama nile. Tukacheka wote watatu. Iliyofuata tukacheka wawili. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Babu alikuwa mteuzi wa tumbaku kwenye ghala la ushirika. Akilishika jani na kulinusa, anakutajia daraja lake hata ukimfumba macho. Ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakamwagika, ghala likapangishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba, na wateuzi wakaambiwa kwaheri. Mwili wa Babu ulistaafu, ila kichwa hakikupata habari. Kila asubuhi anavaa koti, anakwenda kazini, anakuta sidiria zimening'inia penye mizani, anachanganyikiwa, anapotea. Siku moja wachoma mkaa walimkuta njia ya Matogoro, koti amefunga vifungo vyote, miguu haina viatu. Majirani wakasema amerogwa. Baba yangu akaja kutoka Namtumbo, akasema ni uzee, akarudi. Bibi akanunua kufuli. Basi Babu akawa anashika nondo za dirisha na kutuomba kwa adabu, "Jamani, mnanichelewesha kazini," na Bibi analala chini, mgongo umeegemea mlango, mpaka macho yakawa mekundu kama ya mpika pombe.

Mimi nikajaribu dawa ninayoijua. Nikamwinamia nikamwambia, "We mzee, meno yako umeyauzia wapi? Kwenye mnada wa ushirika?" Zamani hapo angenijibu mpaka nikimbie. Akanitazama. Akamgeukia Bibi, "Mama, huyu binti nimemkosea nini?"

Nilikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Ndipo akaja Mama Lidwina, nesi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Alisema ana chama. Mwaka ule vyama vingi vya siasa vimeruhusiwa, kila mtu alikuwa na chama. Vilikuwa vinaota kama uyoga. Bibi akamuuliza, "Bendera yenu rangi gani?"

"Hatuna bendera, mama. Sisi ni watu wa kujitolea. Kikundi chetu kinaitwa Egemeo. Tunakaa na wagonjwa wa kusahau ili ninyi wa nyumbani mpate kupumua."

"Kusahau ni ugonjwa?"

"Huu ni ugonjwa. Unakula ubongo pole pole. Unaitwa Alzaima, jina la daktari Mjerumani aliyeugundua."

"Wajerumani tena!" Bibi akapiga makofi. "Walitunyongea wazee wetu hapahapa Songea, hayakuwatosha?"

Mama Lidwina akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema dawa ya kuuponya hakuna, asije mtu akatudanganya. Lakini kuishi nao kunafundishika. Kufuli litoke. Mzee akitaka kwenda kazini, apelekwe kazini. Tusimbishie na tusimfanyie mtihani. Akisema leo ni mwaka fulani, ni mwaka huo. Ndani ya koti lake akashona kitambaa chenye jina na mtaa, akazunguka kwa wenye maduka mpaka stendi akiwaambia: mkimwona mzee huyu peke yake, mpeni kiti, leteni habari. Jumamosi familia za wagonjwa zilikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Bibi alikwenda mara ya kwanza akinung'unika. Akarudi amelia hadi kilemba kimelowa, na anacheka. "Kuna mama mmoja kule," akaniambia, "mume wake anamfukuza kila usiku, anamwambia rudi kwenu, mke wangu asije akakukuta. Noela, kumbe siko peke yangu!"

Na Jumatano, kazi ya kukaa na Babu akapewa Mwanaisha.

Huyo sasa. Msichana wa Tunduru, baba yake mfanyabiashara wa korosho. Anakaa kwa shangazi yake hapahapa Bombambili, akisubiri nafasi ya chuo cha uuguzi. Sketi ya bluu, blauzi nyeupe, mtandio mweupe, viatu vya kamba, uso umeoshwa mpaka unang'aa kama sahani ya mgeni. "Shikamoo, babu," alisema, akapiga goti. Babu akamtazama. Uso ukafunguka, kitu ambacho hatukuwa tumekiona siku nyingi.

"Mke wangu mdogo," akasema. "Umechelewa leo."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nimesimama, nimepaka mafuta, nywele nimetia kalikiti mpya inayodondosha matone begani, nimevaa gauni langu la mitumba daraja la juu. Akanipita kama nguzo ya umeme.

Toka hapo Jumatano ikawa msalaba wangu. Bibi analala mchana kutwa, anakoroma kwa raha, na mimi natoka chuo changu cha kupiga chapa kukuta habari za mapenzi. Mwanaisha na Babu wamekwenda kazini. Mwanaisha na Babu wamekula mihogo. Alikwenda kuongea na Majaliwa, yule mwenye mitumba kwenye ghala, ambaye ni mtu wa kwao, wakakubaliana Babu aingie kazini kama zamani. Basi mzee anakaa kwenye benchi, marobota yanafunguliwa, anashika shati, analinusa, analivuta kwenye mwanga. "Daraja la pili. Hili limepata unyevu." Majaliwa anaitikia, "Sawa, bwana mteuzi," anaweka anapotaka yeye. Na Babu anarudi nyumbani ameshikwa mkono, anapiga mluzi.

"Mkatoliki mzima," nilimwambia Bibi, "ameongeza mke wa tatu, tena wa Kiislamu, na wewe unakoroma."

"Mwache aongeze hata wa nne. Mimi nimelala."

"Huna wivu, Bibi?"

"Wivu unataka nguvu, mjukuu wangu. Wewe unazo, onea wivu kwa niaba yangu."

Nikaonea kwa niaba ya wote. Nilimchukia Mwanaisha kwa namna alivyopuliza uji. Nilimchukia kwa "inshallah" zake na kwa kunipenda, maana alinipenda, mjinga yule. Aliniletea korosho za kwao, nikazila nikiwa nimenuna. Nikiwa peke yangu na Babu nilijipitisha mbele yake: "Babu, mimi nani?" Mama Lidwina alikataza maswali hayo, lakini Mama Lidwina hakuwa ameachwa na mume. Babu alikuwa akijibu kwa heshima, "Wewe ni yule binti anayepanga hapa." Mpangaji! Hata kodi sikulipa.

Wakati huo huo mchumba wangu, jina lake Leo, alikuwa ameanza kunisumbua kuhusu posa. Leo ni fundi redio wa Mfaranyaki, kijana mzuri, masikio makubwa. Nilimwambia yanashika stesheni zote bila antena. Wazee wake wa Lusewa walikuwa tayari. Siku ikapangwa. Na mimi kila nikifikiria siku hiyo niliona kitu kimoja tu: Babu amekaa kwenye kiti chake, wanamwomba mke wake, naye anauliza, "Mke gani? Huyu mpangaji? Mchukueni."

Nilitaka agome. Nilitaka hilo kuliko posa yenyewe.

Jumatano iliyotangulia posa nikatoroka kwenye chapa, nikaenda ghalani kuwafumania. Ndiyo, kufumania, neno ndilo hilo. Nikawakuta wamekaa kwenye benchi bega kwa bega, wana mihogo ya kuchoma.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Samahani, huyu mke umemtoa wapi? Bi Mkubwa ana habari?"

Babu akainua mkono kama anayemkinga mtu jua. "Taratibu, dada. Huyu ni Noela wangu. Katoka shule sasa hivi, hajala."

Mwanaisha akaacha kutafuna.

"Na usimtazame hivyo," Babu akaendelea, ameshusha sauti, ananionea huruma. "Huyu mtoto ana wivu! Akikukuta unanichekea atakuchania hilo gauni. Tena mdomo wake… usiombe. Jana kaniambia kipara changu kinawaamsha kuku." Akacheka mpaka akakohoa. "Sijaona mtoto kama huyu."

Majaliwa akajifanya anahesabu suruali.

Nikamvuta Mwanaisha nyuma ya marobota. "Tangu lini wewe ni mimi?"

"Tangu siku ya kwanza, dada Noela. Nilidhani unajua. Ni hii sketi na blauzi. Anaona sare ya shule. Mama Lidwina alisema tusimbishie."

"Kwa hiyo unaitikia jina langu."

"Naitikia. Anauliza habari za shule, namwambia. Wallahi, sikukusudia ubaya. Nilimwambia umekuwa wa kwanza kwenye hisabati."

"Mimi? Hisabati? Mwanaisha, umemdanganya mzee wa watu!"

"Alifurahi sana."

"Lazima afurahi, hajawahi kusikia kitu hicho maisha yake yote!"

Tukacheka, hatukutaka, ikatokea. Kisha kicheko changu kikaishia njiani. Maana hesabu mpya ilikuwa hii: sikuibiwa mume na Mwanaisha. Niliibiwa na Noela. Kibinti fulani cha sketi ya bluu, miguu ya korongo, kimekaa ndani ya kichwa cha babu yangu kinakula kashata zangu zote, na hakikui, na hakitoki, na mimi niliyetoka humo nimefungiwa nje na kalikiti yangu. Mwanamke mwingine unaweza kumsema kisimani. Huyo utamsemea wapi?

Jioni Mama Lidwina akaja kutusaidia kupanga siku ya posa. Baba yangu alikuwa amefika. Mama Lidwina akasema, "Wageni wengi na kelele vitamtisha mzee. Mwanaisha atakaa naye. Na hao wakwe waambieni mapema, wajue wanakuja kwa mtu mgonjwa."

"Hapana," Baba akasema. "Watasema ukoo una wendawazimu, wataondoka na blanketi lao. Mzee atakaa, atatikisa kichwa, tutamsemea. Basi."

"Baba Noela, watu wakijua ndipo wanaposaidia."

"Wajue wakishaoa."

Bibi alinitazama. Mimi nikatazama kucha zangu. Nilikuwa na wivu wangu wa kuhudumia.

Wakaja. Mshenga alikuwa Mzee Isidori, mjomba wake Leo, mrefu, koti la kijivu, mcheshi anayejijua. Walikaa sebuleni na shangazi wawili, blanketi limefungwa kwenye karatasi ya maua. Leo kwa desturi hakuja. Alikuwa kwa jirani, masikio yameelekezwa kwetu. Babu amekaa kwenye kiti chake na koti la kazi, pembeni yake Mwanaisha, sketi ya bluu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuingia na birika na beseni, niwanawishe watu mikono, macho chini, kama mwali mwenye adabu.

Mzee Isidori akakohoa. "Wazee wetu, tumepita tukaona ua katika nyumba hii. Tunasikia mwenye ua ni wewe, Mzee Hironimus, na kwamba ni mke wako. Tumekuja kukuomba umwache."

"Mke gani?" Babu akauliza.

Moyo wangu ukashuka ndani ya beseni.

"Noela."

Babu akaushika kwa nguvu mkono wa Mwanaisha. "Noela huyu?"

Mzee Isidori, ambaye hakuwahi kuniona, akamtazama Mwanaisha, akaridhika, akafungua mikono. "Huyuhuyu! Jamani, mwanetu ana macho! Tazameni upole huo!" Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Mwanaisha akawa anatafuta shimo la kuingia. Nami nimesimama na birika, nikiwaza: mume kachukua, na mchumba naye sasa anaondoka naye.

"Huyu ni mtoto wa shule," Babu akasema.

"Atasomea kwetu!" Mzee Isidori akacheka, akijua ni ule mgomo wa desturi. "Mzee, tumeleta blanketi. Zito! Utalala kama sultani."

"Nimesema ni mtoto. Hamwoni sare?"

"Na mbuzi tutaongeza!"

Babu akasimama. Si ule usimamaji wa utani. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Ninyi ni watu gani? Mnataka kumkatisha mtoto masomo kwa blanketi? Nyumbani kwangu? Tokeni!"

Wakwe wakashangilia. "Anajua kugoma huyu! Hatujapata kuona!" Mzee Isidori akapiga magoti kwa mbwembwe, akamshika mguu. Na Babu alikuwa anajaribu kuuvuta mguu wake. Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuna aliyeyaona ila sisi. Baba amekaza macho kwenye dari. Mwanaisha anamnong'oneza, "Babu, niko hapa, siendi popote," na kelele zinamfunika.

Babu akageuka, akanikuta mimi, mtu wa karibu, mwenye birika.

"Dada," akasema. "Nisaidie. Wamekuja kumchukua Noela."

Nikaweka birika chini.

"Nyamazeni," nikasema. Mwali hasemi siku ya posa, shangazi wakakauka. "Mzee Isidori, shikamoo. Babu hatanii. Anaumwa. Ni ugonjwa wa kusahau, umefika mbali, na si uchawi wala wendawazimu wa ukoo, Mama Lidwina yuko jikoni atawaeleza. Noela ni mimi. Yeye ananiona bado niko shule, na huyu ni Mwanaisha, wa chama kinachotusaidia. Mnaloliona si mgomo wa desturi. Anagoma kweli."

Baba akafumba macho.

Mzee Isidori alikuwa bado amepiga magoti. Akamtazama Babu usoni, akaona yale machozi. Akaachia ule mguu taratibu, akainuka, akavua kofia.

"Mzee," akasema, sauti nyingine kabisa. "Tumekosea nyumba. Tulikuwa tunatafuta binti mkubwa, aliyemaliza shule. Huyu ni mtoto, hatumgusi. Utusamehe."

"Siku nyingine muulize kwanza," Babu akasema.

"Tutauliza."

"Watoe, dada," Babu akaniambia.

Nikawatoa. Niliwaswaga wakwe zangu kama mbuzi waliokula mpunga, na kwa sauti, ili Babu asikie: "Tokeni! Hamna haya? Mtoto wa watu anasoma!" Shangazi wa kigelegele akasukumwa bega, akatoka ameshika mdomo asicheke. Nje nikawazungusha nyuma ya nyumba mpaka jikoni, ambako Bibi na Mama Lidwina walikuwa na sufuria za pilau, wakakalia vinu na ndoo zilizofunikwa, na posa yangu ikaendelea pale kwenye moshi, Mama Lidwina akijibu maswali ya ugonjwa katikati ya maswali ya mahari. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama chama hicho kinafika Lusewa, maana mama yake siku hizi anaficha chumvi. Baba alikuwa ameinamia sahani yake, lakini alikuwa anakula.

Mimi nikarudi sebuleni. Mwanaisha alikuwa anamfuta Babu uso kwa mtandio. Akaniona, akainuka bila kuambiwa, akasema anakwenda kumletea babu maji, akaniachia kiti. Nikakaa. Babu alikuwa bado anahema.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Wote?"

"Mpaka yule mrefu."

Akanitazama vizuri, kama anavyotazama shati kwenye mwanga. Nikangoja. Nilikuwa na kalikiti, gauni na miaka yangu yote, nikangoja.

"Wewe ni mtu mwema," akasema. Kisha akaangalia mlango, akanisogelea sikioni. "Lakini usimwambie Noela kwamba nimelia. Ataringa mtoto yule, hatutakaa naye humu ndani."

"Sitamwambia," nikasema.